Uzi: Nominali, odinali, intavali, reshio. Siku nilipotoa wastani wa hali ya ndoa mbele za watu

Peni Kavu:

Wakuu habari. Kila wiki humu anakuja mtu na data yake anauliza "wadau nitumie testi gani hapa", na sisi tunaanza kumrushia majina, mara kai-skweya, mara rigresheni, mara testi ya t, hakuna hata mmoja anayemuuliza hizo namba zako ulizipataje na zinasimamia nini. Leo nataka niliongelee hili la skeli za vipimo kwa kirefu kwa sababu liliniumbua mimi mwenyewe na sijasahau mpaka leo.

Ilikuwa siku ya kutetea ripoti ya utafiti, mwaka wa mwisho. Kwenye dodoso langu kulikuwa na swali la hali ya ndoa, 1 hajaoa au hajaolewa, 2 yuko kwenye ndoa, 3 wameachana, 4 amefiwa na mwenzi. Nikaingiza zile namba kwenye programu, nikachagua vigeu vyote (yaani majibu ya kila swali) kwa mpigo, nikabonyeza, jedwali likatoka zuri kabisa lina wastani na mkengeuko sanifu (namba zimetawanyika kiasi gani) hadi desimali mbili. Nikalibandika kwenye slaidi kama lilivyo. Hali ya ndoa, wastani 1.87. Mzee mmoja kwenye jopo akavua miwani akaniuliza, "Kijana, huyu mtu wa 1.87 yukoje?" Nikababaika, nikasema inaonyesha wengi wanakaribia ndoa. Akasema, "Kwa hiyo amebakiza 0.13 aoe." Ukumbi ukacheka na mimi nikacheka, maana ningefanyaje.

Kilichoniuma baadaye sio kile kicheko, ni kwamba programu haikuninong'oneza chochote. Ukiipa 1, 2, 3, 4 inajumlisha na kugawa basi, haijui kama 4 yako ni mjane au ni watoto wanne. Kujua ni kazi yako wewe.

Sasa twende. Mgawanyo huu wa skeli nne aliutoa Stanley Smith Stevens, mwanasaikolojia wa Harvard, kwenye jarida la Science mwaka 1946. Na haukuzuka tu, nyuma yake kulikuwa na ugomvi. Uingereza iliundwa kamati mwaka 1932 ya kujadili kama hisia za mtu zinaweza kupimwa kweli, yaani ukisema sauti hii masikioni mwangu ni kubwa mara mbili ya ile, umepima au umeongea tu? Wakabishana wee, ripoti ya mwisho ikatoka 1940 na hawakuafikiana. Skeli ya ukubwa wa sauti ya Stevens mwenyewe ilikuwa mojawapo ya vitu vilivyokuwa vinachambuliwa pale. Yeye akaja na jibu lake, kwamba kupima ni kuvipa vitu namba kwa kufuata kanuni fulani, kanuni zikitofautiana skeli zinatofautiana, na kila skeli ina hesabu zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa.

Mimi huwa sikariri maana zake. Nina mchezo wangu, nazivuruga namba makusudi halafu naangalia kama nimepoteza kitu.

Chukua hali ya ndoa. Mpe mjane 1, aliye kwenye ndoa mpe 77, aliyeachana mpe 5. Kuna kilichoharibika? Hakuna. Namba ilikuwa jina tu lililovaa nguo ya namba. Hiyo ndio nominali. Makundi ya damu, namba za jezi, namba za simu, vyote humo. Ruhusa yako ni kuhesabu wako wangapi kila kundi, kutoa asilimia, na kusema kundi gani lina wengi, yaani modi.

Odinali ukivuruga mpangilio umeharibu, ila ukivuta nafasi kati ya namba hujaharibu. Kwenye mbio kuna wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa kwanza anaweza kumzidi wa pili kwa pua halafu wa pili akamwacha wa tatu mzunguko mzima, na namba zitabaki 1, 2, 3 vilevile. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni skeli ya Mohs ya ugumu wa madini ya mwaka 1812, talki 1, jasi 2, inapanda hadi korundi 9 na almasi 10. Korundi ndio familia ya rubi. Ukiangalia 9 na 10 unaona wamepishana kidogo tu, kumbe ukipima ugumu wenyewe kwa mashine almasi inaizidi korundi karibu mara nne. Mohs hakukosea, yeye alichosema ni nani anamkwaruza nani. Anayekosea ni wewe ukianza kutoa 9 kwenye 10.

Intavali nafasi zinalingana ila sifuri imewekwa na watu kwa makubaliano. Reshio nafasi zinalingana na sifuri maana yake hakuna kitu kabisa, uzito, urefu, muda uliotumika, idadi ya watoto. Reshio haina matatizo, fanya hesabu zote unazozijua.

Karibuni.

Kidato Hakiishi:

Naweka kiti mbele kabisa. Mkuu mimi kwenye intavali na reshio ndio huwa napotea. Joto la nyuzi 20 si ni mara mbili ya nyuzi 10? Mbona 20 kugawa 10 ni 2, hesabu haijabadilika.

Peni Kavu:

Mdogo wangu chukua kalamu tufanye pamoja. Nyuzi 10 za Selsiasi kwa Farenihaiti ni 50. Nyuzi 20 ni 68. Gawanya 68 kwa 50 unapata 1.36. Siku ni ileile, hewa ni ileile, ila "mara mbili" yako imegeuka "mara moja na theluthi hivi" kwa sababu tu umebadilisha kipimajoto. Sasa nenda kwenye Kelvin ambayo sifuri yake ni ya kweli, huwezi kushuka chini yake, 10 inakuwa 283.15 na 20 inakuwa 293.15. Gawanya. Unapata kama 1.035. Yaani imezidi kwa asilimia tatu na nusu tu.

Kitu ambacho kinabadilika ukibadilisha kipimo hakikuwa mali ya joto, kilikuwa mali ya ile karatasi yenye mistari. Ila angalia tofauti, kutoka 10 hadi 20 na kutoka 20 hadi 30 ni hatua sawa kwa Selsiasi, na kwa Farenihaiti ni 50, 68, 86, hatua ni 18 na 18, bado zinalingana. Hicho ndicho intavali inakuahidi, tofauti zinalingana. Mgawanyo haikukuahidi.

Na kama bado hujaamini kwamba sifuri ya Selsiasi ni makubaliano, Celsius mwenyewe mwaka 1742 aliweka 0 pale maji yanapochemka na 100 pale yanapoganda. Kinyume kabisa. Watu wakaja kuigeuza baadaye. Kwa skeli yake ya awali siku ya joto ilikuwa na namba ndogo kuliko siku ya baridi na dunia iliendelea kuzunguka.

Kidato Hakiishi:

Aisee. Hiyo ya kuigeuza sikuwahi kuambiwa. Sasa na mtihani je? Mtu akipata 0 hana akili yoyote?

Peni Kavu:

Haha, hapo umegusa penyewe. Aliyepata 0 hakuweza hata swali moja kati ya yale uliyomuuliza wewe, uliza mepesi zaidi atapata. Kama unaongelea idadi ya maswali aliyopata, hiyo ni reshio safi, 40 ni mara mbili ya 20. Kama unaongelea uelewa wake wa somo, sifuri hiyo sio ya kweli, na hata kusema ni intavali inabidi uwe na ujasiri, maana kutoka 40 kwenda 50 na kutoka 85 kwenda 95 sidhani kama ni jasho moja.

Umeona? Namba ileile, karatasi ileile ya majibu. Skeli imebadilika kwa sababu umebadilisha unachosema umekipima.

Nesi wa Zamu:

Nimepita kimya kimya nikakuta mada yangu. Sisi wodini tunatumia skeli ya Glasgow kupima fahamu za mgonjwa, ipo tangu 1974. Macho yanapewa pointi 1 hadi 4, kuongea 1 hadi 5, viungo kuitikia 1 hadi 6. Unajumlisha. Sasa fanyeni hesabu wenyewe, ya chini kabisa ni ngapi? Ni 3. Hata aliyekwisha fariki ukimpima utampa 3. Sifuri haipo kabisa kwenye hii skeli, kwa hiyo hilo la "mara mbili" lisahau, usiseme mgonjwa wa 12 ana fahamu mara mbili ya mgonjwa wa 6.

Na kuna lingine linaudhi, wagonjwa wawili wote wana 9 lakini mmoja anafumbua macho vizuri na mikono haifuati maelekezo, mwingine macho kafumba ila ukimbana kidole anautoa mkono wako. Jumla moja, watu wawili tofauti. Ndiyo maana tunatakiwa kuandika zile tatu kila moja peke yake na sio jumla tu. Nilipokuwa mgeni kazini nilikuwa naandika jumla naona ndio kazi safi, dada mmoja mkubwa wa wodi akanirudishia faili akasema hii 9 yako inaniambia nini mimi saa nane usiku?

Peni Kavu:

Dada umenipa mfano nitakaouiba kila mahali, asante sana.

dada_mediani:

Jamani mimi niko kwenye moto sasa hivi naomba msaada. Dodoso langu lina sentensi 12 za "sikubaliani kabisa, sikubaliani, sina upande, nakubali, nakubali kabisa", nimezipa 1 hadi 5. Supavaiza wangu anasema toa wastani wa kila sentensi. Msomaji wa pili kaandika kwa wino mwekundu pembeni "wastani wa odinali???" na alama tatu za kuuliza. Nimsikilize nani? Wote wananisainia.

Peni Kavu:

Pole dada. Umeingia kwenye vita ya zamani kuliko sisi wote, hiyo namna ya kuuliza ni ya Rensis Likert, 1932, na watu bado wanatoana jasho.

Kwa sentensi moja moja mimi niko na wino mwekundu. Ngoja nikuonyeshe kwa nini, usikubali tu kwa sababu nimesema. Tuseme una ngazi tatu, chini, kati, juu. Kundi A watu watatu wamejibu chini, chini, juu. Kundi B wote watatu wamejibu kati. Zipe 1, 2, 3. A jumla 5, wastani 1.67. B jumla 6, wastani 2. B ameshinda, unaandika kwenye ripoti kundi B limeridhika zaidi. Sasa mimi nakuja na namba zangu, chini 1, kati 2, juu 10. Mpangilio haujaguswa, juu bado iko juu. A jumla ni 12, wastani 4. B bado 2. Sasa A ndio kashinda! Watu walewale, majibu yaleyale, hakuna aliyebadilisha mawazo, mshindi kabadilika kwa sababu ya namba ulizochagua wewe ukiwa umekaa nyumbani.

Sasa panga majibu na uchukue la katikati, mediani. A ni chini. B ni kati. Kwa namba zako B kashinda, kwa namba zangu B kashinda. Mediani haitikisiki kwa sababu yenyewe inaangalia foleni tu.

Fundi Fomula:

Hapa nakupinga Peni. Hiyo 1, 2, 10 umeipika, nani duniani anaweka 10 hapo? Mtu akiona visanduku vitano vimepangwa kwa nafasi sawa kwenye karatasi, kichwani mwake navyo viko karibu na nafasi sawa. Na Likert hakusema utumie sentensi moja moja, alijumlisha sentensi nyingi zinazouliza kitu kimoja. Ukijumlisha sentensi 12 unapata alama ya kuanzia 12 hadi 60, hiyo kwa matumizi ya kawaida inajiendesha kama intavali vizuri tu, testi ya t itakupa jibu la maana. Supavaiza wake sio mjinga.

Peni Kavu:

Sijasema mjinga mkuu. Jumla ya 12 nakubali, na ndio maana nilisema "kwa sentensi moja moja". Shida ni kwamba dada kaambiwa atoe wastani wa kila sentensi, halafu kesho ataandika sentensi ya 4 ina 3.62 na ya 7 ina 3.58 kwa hiyo ya 4 imeongoza. 3.62 ni nini? Ni mtu aliyekubali ila akabakiza kidogo?

Na hata hiyo jumla ina masharti, zile 12 ziwe zinapima kitu kimoja kweli. Ukichanganya mishahara, choo na bosi halafu ukajumlisha unaita "kuridhika na kazi", unarudi kule kule kwa Nesi na 9 yake.

Fundi Fomula:

Hilo la choo na bosi nakuachia. La nafasi sawa bado sijakubali, wengi wanatumia na mambo yanaenda.

dada_mediani:

Kwa hiyo nifanyeje jamani mnabishana mimi nina wiki mbili

Peni Kavu:

Haha samahani. Fanya hivi: kila sentensi weka asilimia za kila jibu, chati ya pau iliyolala, na mediani. Zile zinazopima kitu kimoja zijumlishe, hapo toa wastani supavaiza afurahi. Ukitaka kulinganisha makundi mawili kwenye sentensi moja tumia Mann-Whitney badala ya testi ya t, na ukitaka uhusiano wa odinali na odinali tumia Spearman badala ya Pearson, hizo zinaangalia nani yuko mbele ya nani, haziangalii kwa umbali gani. Kai-skweya iwekee nominali kwa nominali. Wote watasaini.

Na kama unatumia SPSS, ile programu ya takwimu, pale kwenye safu ya aina ya kipimo kuna alama tatu tu, vimduara vitatu kwa nominali, vijiti vinavyopanda kwa odinali, na rula. Intavali na reshio zimelazwa kitanda kimoja kwenye rula. Ipo hivyo kwa sababu hesabu nyingi zinazotumika haziwatofautishi hao wawili, ila usije ukadhani ni kitu kimoja.

Mzee wa Kona:

Vijana mnanifurahisha ila mnaichukulia hii kama amri kumi. Niwape mawili. La kwanza, mwaka 1953 Frederic Lord aliandika kisa cha kuchekesha cha profesa aliyekuwa anauza namba za jezi za wachezaji kwa mashine, timu moja ikalalamika namba zake ni ndogo inachekwa, ikabidi aitwe mwanatakwimu. Mwanatakwimu bila aibu akatoa wastani wa namba za jezi na kuonyesha kwamba bahati peke yake haiwezi kuleta namba ndogo vile. Profesa akapiga kelele hizo ni nominali! Akajibiwa kwamba namba zenyewe hazikumbuki zilikotoka. Na swali lilikuwa halali kabisa, je, ile mashine ya kutoa namba imechezewa?

La pili halikuwa kichekesho. Vita Kuu ya Pili, Washirika walitaka kujua Ujerumani inatengeneza vifaru vingapi kwa mwezi. Majasusi walikadiria vifaru 1,550 kwa Agosti 1942. Wanatakwimu wao walichukua namba za utambulisho zilizogongwa kwenye vifaru vilivyokamatwa, yaani nominali ya kwenye kitabu, jina la kifaru, wakapiga hesabu wakasema 327. Vita ilipoisha kumbukumbu za Wajerumani zikasema 342. Sasa niambie Peni, namba ya kifaru ni skeli gani?

Peni Kavu:

Mzee shikamoo, hapa umenikamata shati.

Ila ngoja nijitetee kidogo. Ile namba ilifanya kazi kwa sababu kiwandani walizigonga kwa kufuatana, kifaru kimoja baada ya kingine. Waliozisoma walijua hilo. Kama Wajerumani wangekuwa wanaokota namba ovyo ovyo, namba zingekuwa zilezile kwa macho lakini hesabu ingekuwa ya bure, na majasusi wangeshinda. Kwa hiyo skeli haikukaa kwenye namba, ilikaa kwenye jinsi namba ilivyotolewa na swali unaloliuliza. Mimi siku ile kwenye slaidi hakuna swali lolote la busara ambalo 1.87 ilikuwa jibu lake. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, zaidi ya kuvunja sheria ya Stevens.

Mzee wa Kona:

Marahaba. Sasa umeongea.

Kidato Hakiishi:

Wakuu na saa je? Nimejaribu ule mchezo wa kuvuruga. Kwa saa ya 24, nimelala jana saa 23:00 na leo saa 01:00, wastani wa muda wa kulala 23 jumlisha 1 gawa 2 ni 12. Yaani mimi huwa nalala mchana saa sita?? Halafu nikajaribu kwa Kiswahili, saa tano usiku na saa saba usiku, tano na saba ni kumi na mbili gawa mbili, saa sita usiku. Sahihi! Kiswahili kinajua takwimu?

Fundi Fomula:

Hahaha usishangilie haraka. Jaribu kuamka. Jana umeamka saa kumi na moja alfajiri, leo saa moja asubuhi. Kumi na moja na moja ni kumi na mbili gawa mbili ni sita. Saa sita! Kumbe ilitakiwa saa kumi na mbili asubuhi. Kwa ile ya 24, 5 na 7 ni 6, imepatia. Kila saa ina mshono wake mahali, moja imeshonwa usiku wa manane, nyingine imeshonwa kunapokucha, ukikaa juu ya mshono wastani unachanika. Saa inazunguka kama gurudumu, haiingii vizuri kwenye zile nne, pembe na uelekeo wa upepo navyo hivyo hivyo, vina hesabu zake.

Nesi wa Zamu:

Sisi wa zamu ya usiku tumeishi juu ya huo mshono maisha yetu yote.

Kidato Hakiishi:

Na tetemeko la ardhi? Richter 6 ikilinganishwa na 3?

Fundi Fomula:

Ile ni logi, yaani kila ngazi unazidisha, hujumlishi. Charles Richter, 1935. Ukipanda ngazi moja mtikisiko unaoandikwa na mashine unakua mara 10, nishati inayotoka inakua kama mara 32. Kutoka 3 hadi 6 ni ngazi tatu, mtikisiko mara 1,000. Ukisema "mara mbili" kwa sababu 6 gawa 3 umeidharau ardhi. Desibeli za sauti na pH ya asidi ni ukoo huohuo.

dada_mediani:

Nimerudi. Sehemu ya sentensi 12 nimeshaitengeneza, asante Peni, asante na Fundi kwa kelele zenu. Sasa msomaji kaona swali la umri. Nimeweka visanduku, 18 hadi 25, 26 hadi 35, 36 hadi 45, na 46 na kuendelea. Anataka wastani wa umri. Visanduku nimevipa 1 hadi 4, nikampa 2.4 kacheka. Nimemuelewa kwa nini kacheka, ila naupataje huo wastani?

Peni Kavu:

Hapo dada ndio panaponiuma zaidi ya ndoa, kwa sababu umri ulikuwa reshio mkononi mwako ukaushusha mwenyewe. Mtu alikuwa na miaka 34, anaijua, alikuwa tayari kukuambia, wewe ukamwambia tiki hapa. Sasa wa 26 na wa 35 ni kitu kimoja kwako, halafu wa 25 na wa 26 waliopishana mwaka ni watu wa makundi tofauti. Unaweza kukadiria kwa kuchukua katikati ya kila kundi, 21.5, 30.5, 40.5, lakini hilo la mwisho la 46 na kuendelea katikati yake ni wapi? 50? 60? Hakuna, utabuni tu.

Kushuka kutoka reshio kwenda odinali ni dakika moja, siku yoyote unaweza kuwagawa kwenye makundi. Kupanda haiwezekani, ile 34 imeshatupwa. Dodoso umeshamaliza kuligawa?

dada_mediani:

Hapana, hii ni ya majaribio, watu 20 tu. Lenyewe natoa wiki ijayo.

Peni Kavu:

Mshukuru Mungu. Futa visanduku, weka mstari mtupu waandike umri.

dada_mediani:

Nimefuta. Ila kwenye hao 20 wapo walionisumbua, umri hawajui kwa haraka, wanajua mwaka wa kuzaliwa. Nikiuliza mwaka bado ni reshio?

Peni Kavu:

Mwaka ni intavali. Kalenda haina hata mwaka wa sifuri, baada ya mwaka 1 kabla ya Kristo unakuja mwaka 1 baada yake, na ukigawanya 1990 kwa 1980 hupati chochote cha kumwambia mtu. Ila chukua mwaka unaofanya utafiti toa mwaka wa kuzaliwa, unapata umri, na umri ni reshio, wa miaka 40 kaishi mara mbili ya wa miaka 20. Ukitoa intavali kwenye intavali unapata reshio, ndivyo hata kwa joto, ongezeko la nyuzi 20 ni mara mbili ya ongezeko la nyuzi 10 hata ukihamia Farenihaiti, 36 kwa 18. Kwa hiyo uliza mwaka, kutoa utatoa mwenyewe kwenye kompyuta, kama kuna ambaye siku yake ya kuzaliwa bado haijafika mwaka huu utakosea mwaka mmoja tu, ukitaka ongeza na mwezi.

dada_mediani:

Nimeongeza na mwezi. Hali ya ndoa nimeiacha na visanduku vyake vinne, hiyo si iko sawa?

Peni Kavu:

Iko sawa kabisa. Ila siku ya kuchagua vigeu vya kutolea wastani, hicho usikitiki.